Wati Mia Tatu na Hamsini

Mwanangu Raitis aliuza matunda mekundu ya kinamasi,
ndoo kumi na nne, Septemba nzima mgongo umepinda,
vidole vimeiva rangi hadi kwenye kucha,
na Jumamosi akapanda basi la Rēzekne
akarudi na kadi ya michoro kifuani
kama mtu aliyebeba kifaranga kwenye baridi.

Feni tatu. Nyeusi, nzito, ya mtumba.
Muuzaji aliapa haijawahi kuchimba sarafu za mtandaoni.
Wauzaji huapa.

Mimi ni fundi umeme, karakana ya tramu, Daugavpils,
miaka ishirini na mitatu nashika nyaya zisizosamehe.
Sikuuliza kadi inachora nini.
Niliuliza: inakula kiasi gani?
Akanitazama kana kwamba nimeuliza mchumba wake anakula kiasi gani.

Tukafungua kasha. Vumbi, manyoya ya paka aliyekufa mwaka juzi,
na kule nyuma, pembeni kabisa,
lile sanduku la kijivu, pawasaplai,
feni yake ikikoroma kama mlinzi wa zamu ya usiku.
Wati mia tatu na hamsini, yasema lebo,
na lebo nayo ni muuzaji.

Kadi ilizidi nafasi kwa upana wa kidole gumba.
Tukang'oa kizimba cha diski, skrubu nne;
ya tano ikatumbukia chini ya jokofu, imo hadi leo.

Usiku ule akacheza. Nikamsikia akicheka peke yake,
kicheko nisichokisikia tangu mama yake
aende Ayalandi kuchuma uyoga mabandani.
Kisha majeshi mawili yakakutana darajani,
kila ngao ikidai mwanga wake,
kila tone la damu likidai kivuli chake,
na mara giza totoro.
Si skrini tu. Mashine nzima ilizima
kama tramu iliyoachana na waya wa juu.

Akailaumu kadi. Akamlaumu yule wa Rēzekne,
na ukoo wake wote, kwa maneno nisiyoyaandika.
Mimi nikanusa nyuma ya kasha. Harufu ile naijua:
plastiki, samaki aliyeungua, na aibu.
Kamba hukatikia pembamba, nikamwambia,
na pembamba ndipo hapana anayepatazama.

Tukakaa jikoni. Nyuma ya karatasi ya mkate
nikapanga hesabu: kadi, mia mbili na ishirini;
prosesa, tisini na tano; feni na diski na vikorokoro, arobaini;
taa, sita.
(Taa za nini? "Za uzuri, baba." Nikaziandika.)
Mia tatu sitini na moja,
na hapo hujahesabu ule mruko,
kadi inapotwaa ghafla kama mtoto anyakuaye tonge la mwenziwe.

Yeye alitaka ya mia tano, ya bei nafuu, yenye kumetameta.
Dukani nikamwekea ile mkononi, kisha nyingine.
Pima, nikasema. Shaba ina uzito.
Uongo ni mwepesi.
Tukachukua ya mia sita na hamsini, bila taa, bila urembo,
udhamini miaka saba, nyeusi kama soli ya buti.
Nusu nililipa mimi. Nusu ilitoka kwenye bahasha ya Ayalandi,
na hakuna aliyesema neno.

Akikaza skrubu ya mwisho alinung'unika:
"Pesa zote hizi, na wala haionekani."
Bahasha ilikuwa bado mezani, imefunguliwa.
Nikaenda kuchemsha chai.

Jana usiku akaniita. Keti, baba.
Akanivusha daraja lile; vita vimekwisha,
theluji inaanguka juu ya mto, chembe moja moja,
kila chembe na kivuli chake.
Nikaweka kiganja nyuma ya kasha:
vuguvugu tu, hakuna mkoromo.
"Unaona?"
Naona.
Sikumwambia nilichokiona dirishani, juu ya skrini,
mtaa mzima, paa la karakana, reli zote:
theluji ileile
ikianguka bila wati hata moja.